Usuli, Mandhari au Pazia? Historia Fupi ya Picha ya Nyuma, Kutoka Studio za Pwani hadi Eneokazi Pepe

Utangulizi

Kufundisha lugha kwa njia ya video kumeleta jambo moja ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kile kinachoonekana nyuma ya msemaji. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, anapojiunga na kipindi akiwa nyumbani, wenzake hawauoni uso wake tu. Wanaona pia ukuta, kitanda, ndoo za maji, nguo zilizoanikwa na wadogo zake wanaopita. Programu za mikutano zimeliwekea jambo hili dawa: mtu anaweza kuchagua picha ya maktaba, bustani au ziwa ikae nyuma yake badala ya chumba halisi. Lakini mwanafunzi huyo akiingia kipindini kupitia eneokazi pepe, yaani kompyuta iliyoko mbali ambayo yeye huiona na kuiendesha kwa njia ya mtandao, kitufe cha picha ya nyuma mara nyingi hakipo, au kipo lakini hakibonyezeki.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya picha ya nyuma katika Afrika Mashariki na katika ulimwengu wa sinema na kompyuta, kisha kueleza kwa nini eneokazi pepe limeikwamisha na namna ya kuikwamua. Hoja yetu ni kwamba tangu zamani picha ya nyuma imekuwa njia ya mtu kuamua mwenyewe kipi cha kwake kionekane na kipi kisitiriwe. Kwa hiyo swali la msingi kwa mwalimu na kwa fundi wa kompyuta ni hili: nani anayelishika pazia, na analishikia wapi?

Maneno matatu kwa kitu kimoja

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na maneno. Kitu hiki kipya bado hakijapata jina moja lililokubalika. Wapo wanaosema "usuli", neno ambalo wanafunzi wetu wanalijua kutokana na tasnifu: usuli wa utafiti, usuli wa tatizo. Neno hili lina asili ya Kiarabu na linabeba maana ya shina au chanzo. Ukisema usuli wa mtu, umetaja alikotoka.

Wapo wanaosema "mandhari", "mandharinyuma" au "mandhari pepe". Mandhari ni sura ya mahali inavyoonekana kwa macho: milima, ziwa, mji. Neno hili halidai kwamba mtu ametoka hapo. Linadai tu kwamba hapo panatazamika.

Neno la tatu ni "pazia", ambalo wengi wetu hapa Bujumbura na majirani zetu wa Kongo ya mashariki hupenda kuliita "rido", kutoka Kifaransa. Pazia halionyeshi chochote. Kazi yake ni kusitiri.

Tukiyaweka maneno haya pamoja tunapata kazi tatu za picha ya nyuma: kutaja asili, kuonyesha mahali, na kuficha. Katika historia nzima tutakayoieleza, kazi hizi tatu zimekuwa zikishindana.

Kuhusu neno "pepe", wasomaji wanakumbuka mjadala uliolizunguka tangu "barua pepe" ilipoenea. Mkulima wa mpunga anajua kwamba pepe ni punje isiyo na kiini, ganda tupu linalopeperuka. Waliolikubali neno hili katika teknolojia walikusudia wepesi wa kitu kinachosafiri kama hewa. Hata hivyo maana ya mkulima haijafa, na itatufaa mbele ya safari. "Eneokazi" nalo ni istilahi iliyoenea pamoja na jitihada za kutafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili. Jitihada hizo zilishika kasi miaka ya 2000, hasa baada ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Pazia la kutembea nalo, na kitambaa cha studio

Pwani ya Waswahili ilijua kusitiri kabla ya kujua kamera. Katika karne ya 19, wanawake wa tabaka la juu wa Lamu na Mombasa walipotoka nje walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichoinuliwa juu ya miti na kuwazunguka. Bibi hakuonekana, lakini watu wote walijua kwamba anapita mtu mwenye hadhi. Tusisahau kwamba miti ile ilishikwa na watumwa. Sitara ya mmoja ilikuwa kazi ya mwingine, na mwenye kushika mti hakuwa na shiraa yake.

Kamera ilipofika, ilikuta jamii yenye fikra nzito kuhusu kuonekana na kutoonekana. Mwishoni mwa karne ya 19 studio ya A. C. Gomes, mpigapicha mwenye asili ya Goa, ilikuwa ikifanya kazi Zanzibar. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Huko Mombasa, studio ya Parekh ilijulikana kuanzia miaka ya 1940, na Lamu ikampata Omar Said Bakor, aliyesifika kwa ufundi wa kukata picha na kuziunganisha upya ili mtu aonekane mahali ambapo hajawahi kuwa. Katika studio za aina hii kulikuwa na kitambaa au ubao uliochorwa na kusimamishwa nyuma ya mteja. Mteja alivaa vizuri, akachagua, akasimama.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, ambao mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ujerumani, Heike Behrend, aliwachunguza na kuwaandikia. Katika miaka ya 1990 walikuwa na vibanda karibu na feri, na nyuma ya mteja waliweka michoro na picha za meli, ndege na majumba ya miji mikubwa. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Picha ilitumwa nyumbani ikisema: nimefika, mambo yangu si mabaya. Chumba alichopanga mteja huyo hakikuonekana popote. Mandhari yalionyeshwa, makazi yakasitiriwa, na aliyeamua ni mteja mwenyewe. Vurugu zilizozuka Likoni mwezi Agosti 1997 ziliivuruga kazi hiyo, lakini picha zilizokwisha kutumwa zilibaki katika albamu za familia nyingi.

Behrend anaeleza pia upande wa pili: kwamba kwa Waislamu wengi wa pwani, hasa wanawake, kamera ilizua swali la nani ana ruhusa ya kuangalia. Picha iliyopigwa kwa furaha ya harusi inaweza kuwa tatizo ikimfikia asiyehusika. Fikra hiyo si ya pwani tu. Hata hapa kwetu bara, mgeni hukaribishwa sebuleni na chumba cha kulala hubaki kimefungwa. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Na wenye nyumba wengi hupenda ibaki hivyo.

Nyuma iliyowekwa na wengine

Si kila picha ya nyuma ilichaguliwa na mwenye uso. Mwaka 1869, huko London, John Lamprey alipendekeza njia ya kuwapiga picha watu wa mataifa mbalimbali mbele ya fremu ya mbao iliyofumwa nyuzi za hariri kwa miraba ya inchi 2, yaani takriban sentimeta 5. Lengo lilikuwa kuupima mwili wa mtu na kuulinganisha na wa mwingine. Nyuma ya mtu huyo hapakuwa na nyumba, mji wala ziwa. Alikuwa ameondolewa mahali pake na kuwekwa juu ya karatasi ya hesabu.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba nyuma tupu nayo ina maana. Mteja wa Likoni na mtu wa Lamprey wote walitengwa na makazi yao katika picha. Wa kwanza alijitenga kwa hiari, wa pili alitengwa na mwingine. Mwalimu anayeamuru kwamba wanafunzi wote waweke picha moja ya chuo nyuma yao, au kwamba wote waonyeshe vyumba vyao, ajiulize anafuata njia ipi kati ya hizo mbili.

Rangi ya buluu na rangi ya kijani

Picha za sinema zilileta tatizo jipya: mtu anatembea, na kitambaa kilichochorwa hakitoshi. Ufumbuzi mmojawapo ulikuwa kumpiga picha mwigizaji mbele ya pazia la rangi moja, kisha kuiondoa rangi hiyo na kuingiza mandhari nyingine. Rangi ya buluu ilifaa kwa kuwa ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, haina buluu nyingi. Larry Butler aliitumia mbinu hii katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, ambayo ilipata tuzo ya Oscar kwa mbinu maalumu za picha. Baadaye Petro Vlahos aliiboresha, na kazi yake ilitumika katika Ben-Hur ya mwaka 1959.

Kamera za kidijitali zilipoenea, kijani kilichukua nafasi ya buluu. Sababu ni ya kiufundi: katika mpangilio wa vichujio vya rangi uliobuniwa na Bryce Bayer na kupewa hataza mwaka 1976, nusu ya vihisio vya kamera husoma kijani, na robo robo husoma nyekundu na buluu. Kwa hiyo kijani husomwa kwa usahihi zaidi. Mtangazaji wa hali ya hewa anayeonyesha ramani kwenye televisheni huwa amesimama mbele ya ukuta wa kijani, ramani yenyewe haioni.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba pazia la rangi lilikuwa kitu halisi. Lilitundikwa chumbani, mbele ya macho ya kamera. Chochote kilichokuwa nyuma yake hakikuingia katika picha kabisa.

Kompyuta inajifunza kukata

Programu za mikutano hazikuweza kumtaka kila mtu anunue pazia la kijani. Zikafunzwa kutambua mtu yuko wapi katika picha na kumkata, kama Bakor alivyokata kwa mkasi, ila kazi hii hurudiwa kwa kila fremu. Tupige hesabu. Picha ya video ya ukubwa wa 1280 kwa 720 ina nukta 921,600. Video ikienda kwa fremu 30 kwa sekunde, ni nukta 27,648,000 kila sekunde, na kwa kila moja yapasa kuamuliwa: huyu ni mtu au huu ni ukuta? Kwa kweli programu huipunguza picha kwanza ili kupunguza kazi, kisha huupanua mpaka iliouchora. Hata hivyo mzigo hubaki mkubwa, na anayeubeba ni kichakataji cha kompyuta.

Huduma hii ilikuwapo katika Zoom kabla ya janga la korona, na Microsoft Teams ilianza kutia ukungu nyuma ya msemaji mwaka 2018. Lakini iliyoigeuza kuwa jambo la kila nyumba ni Machi 2020. Tarehe 11 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona ni janga la dunia. Kenya, Uganda na Tanzania zilifunga shule na vyuo mwezi huohuo. Zoom, iliyokuwa na washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku mwezi Desemba 2019, ilifikisha washiriki milioni 300 kwa siku mwezi Aprili 2020. Mwezi huohuo wa Aprili Teams iliongeza picha za nyuma, na Google Meet ikafuata kabla mwaka haujaisha. Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 31 Machi 2020 na haikufunga shule. Walimu wetu wakaendelea kusimama mbele ya ubao, huku wenzao wa nchi jirani wakijifunza kufundisha mbele ya kamera. Hii ni sababu mojawapo kwa nini mjadala huu umetufikia sisi kwa kuchelewa.

Mashine iliyofunzwa kukata haikukata kwa haki. Septemba 2020 mwalimu mmoja nchini Kanada alionyesha hadharani jinsi picha ya nyuma ilivyokifuta kichwa cha mwenzake mwenye ngozi nyeusi, huku chake yeye, mwenye ngozi nyeupe, kikibaki salama. Waliojua historia ya picha hawakushangaa. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipima rangi kwa kadi zilizoitwa "Shirley", zenye sura ya mwanamke mweupe. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa uso wa mtu. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe programu hizo hazikukosea zaidi ya asilimia 0.8, lakini kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kosa lilifika asilimia 34.7. Huo haukuwa utafiti wa picha za nyuma, lakini somo ni lilelile: mashine huona vizuri kile ilichofunzwa kukiona. Programu zimeboreshwa tangu hapo. Hata hivyo mwenye kilemba kikubwa, nywele zilizosukwa juu au chumba chenye mwanga hafifu ajaribu kwanza kabla ya kipindi kuanza.

Eneokazi pepe ni nini, na kwa nini linakwama

Fikra ya kuendesha kompyuta iliyoko mbali si mpya. Mwaka 1961 chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kubwa kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwenye mashine yake ya kuchapia. Kompyuta za binafsi zilipopata umaarufu, fikra hiyo ilififia, kisha ikarudi. Kampuni ya Citrix, iliyoanzishwa mwaka 1989, ilitoa WinFrame mwaka 1995, na Microsoft ikatoa Terminal Server mwaka 1998. Miaka ya 2000 ikaleta eneokazi pepe kamili: kila mtumiaji ana Windows yake ndani ya seva, na mezani pake ana kifaa chepesi tu cha kuonyesha picha na kupokea herufi anazobonyeza.

Kwa chuo kisicho na fedha nyingi, mpango huu una mvuto. Vifaa vya mezani ni vya bei nafuu na vinakula umeme kidogo, kompyuta kuukuu zinaweza kutumika tena, na fundi mmoja anaweza kusimamia maabara nzima kutoka sehemu moja. Kwa kuandika insha au kutafuta neno katika kamusi, mtumiaji hahisi tofauti.

Mkutano wa video ni mambo mengine. Kamera iko mezani Carama, lakini programu ya mkutano iko ndani ya seva. Video lazima isafiri kutoka kwenye kamera hadi kwenye seva, ifunguliwe huko, ifungwe tena, itumwe kwa washiriki wengine, na sura zao zirudi kwa njia ileile. Seva ikiwa Ulaya, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa, mwanga ndani ya nyaya huhitaji si chini ya sehemu 6 za sekunde zilizogawanywa kwa 100 kwenda na kurudi, hata kama waya ungenyooka. Na nyaya halisi hazinyooki. Burundi haina bahari, hivyo mawasiliano yetu kwanza huvuka nchi jirani ndipo yafike kwenye nyaya za baharini kama SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Zaidi ya hayo, seva moja huwatumikia watu wengi. Wanafunzi 30 wakiomba kwa pamoja kwamba seva iwakate na kuwawekea picha za nyuma, seva isiyo na kichakataji maalumu cha picha huzidiwa. Ndiyo maana wasimamizi wengi walikizima kitufe hicho, au watengenezaji wenyewe hawakukiweka.

Lakini kuna kasoro nyingine isiyozungumzwa sana, na kwetu ndiyo kubwa. Katika mpangilio huo, picha inayotoka Carama ni ya chumba chenyewe, bila sitara yoyote. Pazia hutundikwa baadaye, ndani ya seva. Wanafunzi wenzake hawakioni chumba, ni kweli. Lakini chumba kimeshasafiri hadi kwenye mashine ya watu wengine. Shiraa imevaliwa baada ya bibi kuvuka mtaa. Hapa ndipo maana ya mkulima inaporudi: sitara ya namna hii ni pepe kwelikweli, ganda lisilo na kiini.

Kuliwezesha pazia: maswali manne

Watengenezaji walilitatua tatizo la mzigo kwa kugawanya kazi. Programu ya mkutano hubaki ndani ya seva, lakini video na sauti hushughulikiwa na programu-saidizi iliyowekwa kwenye kifaa cha mezani. Citrix, VMware, Zoom na Microsoft wote wamefuata njia hii kwa namna zao. Mtumiaji huona kana kwamba kila kitu kiko ndani ya eneokazi pepe, ilhali uso wake unatoka mezani moja kwa moja kwenda mkutanoni. Kwa mpangilio huu pazia hutundikwa palepale chumbani, na kinachotoka nje kimeshasitiriwa. Kwa hiyo njia iliyo nyepesi kwa seva ndiyo pia yenye staha zaidi kwa mwanafunzi.

Anayetaka picha ya nyuma ifanye kazi katika eneokazi pepe aulize maswali manne, kwa mpangilio huu:

1. Video inashughulikiwa wapi? Programu nyingi huandika katika ukurasa wa maelezo yake kama mkutano umeboreshwa kwa eneokazi pepe au la. Kama haujaboreshwa, usihangaike na kitufe; shughulikia hili kwanza.

2. Je, programu-saidizi imewekwa kwenye kifaa cha mezani, na toleo lake linaafikiana na toleo lililomo ndani ya seva? Mara nyingi seva husasishwa na vifaa vya mezani vikasahauliwa. Kifaa chenye mfumo wa Linux huweza kukosa huduma ambazo chenye Windows kinazo.

3. Je, kifaa cha mezani kina nguvu ya kutosha? Baadhi ya programu hudai kichakataji chenye maelekezo yanayoitwa AVX2, ambayo Intel ilianza kuyaweka mwaka 2013. Kompyuta ya msaada iliyotengenezwa kabla ya mwaka huo inaweza kufaa kwa kila kazi isipokuwa hii. Kukosa picha, jaribu ukungu, ambao huficha chumba bila kuhitaji mandhari mapya.

4. Je, msimamizi ameruhusu? Huduma hii hufungwa na kufunguliwa kwa kanuni za mfumo. Katika mifumo kadhaa mtumiaji hakuweza kupakia picha yake mwenyewe kwa miaka mingi na alilazimika kuchagua kati ya zilizowekwa. Ombi la kufunguliwa lipelekwe kwa maandishi na idara, kwa sababu ombi la mwanafunzi mmoja husahaulika.

Na kama majibu yote manne ni "hapana"? Basi kitambaa cha studio hakijafa. Kitenge kilichotundikwa ukutani, au kiti kilichosogezwa hadi mgongo uelekee ukuta mtupu, hufanya kazi kwenye kifaa chochote, seva yoyote na kasi yoyote ya mtandao, na kisogo cha mtu hakifutwi. Kama pazia la kijani la sinema, husitiri kabla kamera haijaona. Fundi wa Likoni angelijua hili bila kuambiwa.

Hitimisho: darasa letu na mwanafunzi wa Carama

Katika kufundisha Kiswahili, kuonana kuna faida kubwa. Mwanafunzi ambaye Kirundi ndicho lugha yake ya nyumbani na Kifaransa lugha ya masomo hujifunza matamshi kwa kuutazama mdomo wa mwalimu, na mwalimu humsahihisha kwa kuutazama wake. Hatusemi kamera zizimwe. Tunasema kwamba mwalimu anayesema "washeni kamera" anaomba kuingia nyumbani kwa watu, na mtu haingii nyumbani kwa watu bila kupiga hodi.

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, kabla ya kuanza kozi ya video, mwalimu aulize ni nani anayetumia eneokazi pepe na kama picha ya nyuma inamfanyia kazi. Asingoje mwanafunzi alalamike, maana wengi huona haya kutaja kwamba hawataki nyumba yao ionekane. Pili, asiyeweza kujisitiri asipunguziwe alama za ushiriki kwa kuzima kamera. Aruhusiwe kuiwasha wakati wa zoezi la matamshi tu. Tatu, chuo kinaponunua vifaa au huduma ya eneokazi pepe, swali la wapi video inashughulikiwa liwemo katika masharti ya zabuni, kwa kuwa kulirekebisha baadaye ni ghali kuliko kuliuliza mapema.

Kuhusu jina, tungependa maneno yote matatu yabaki, kila moja kwa kazi yake. Chumba halisi alimoketi mtu na kiitwe usuli wake, kwa kuwa ndiko anakotokea. Picha anayoichagua iitwe mandhari. Na huduma yenyewe, ile inayomwezesha kuamua kipi kionekane, iitwe pazia. Tukiyatumia hivi, itakuwa rahisi kumweleza msimamizi wa mitambo tunachohitaji: mandhari yanaweza kungoja, lakini pazia ni la lazima, na litundikwe upande wa mwenye nyumba.

Wasomaji wenye istilahi bora, au wenye uzoefu wa kuiwezesha huduma hii katika maabara zao, tunawakaribisha watuandikie kwa ajili ya matoleo yajayo.